Anayetajwa Asimame

Baba mdogo Nyongesa alikata jina la mama yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia karatasi, kisha akaniomba niipambe lugha. Alitumia neno hilohilo, kupamba, kana kwamba nimeitwa kufunga maputo kwenye harusi. Tulikuwa barazani kwake Makindye, kamati ya mazishi imekaa kwenye viti vya plastiki, chai ya maziwa inapitishwa, na baba yangu amelala chumba cha maiti tangu jana. Hakuna aliyeinua macho. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anachovya mkate kwenye chai yake.

"Wewe umo," baba mdogo akasema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Umeona? Namba saba. Wewe ni damu yetu, hakuna mtu anakukataa. Lakini huyo mama yako, Dolphine, si unajua mambo yetu. Tukifika Bungoma wazee wataniuliza, huyu ng'ombe zake zilifungwa kwa boma gani? Nitawajibu nini?"

"Uwajibu kwamba baba aliishi naye Kyebando tangu kabla sijazaliwa."

"Hiyo ni kuishi. Sisi tunaongea ndoa." Akajimiminia chai. "Na usilete hasira hapa. Hii ni maneno ya familia. Wewe andika vizuri, weka yale maneno yako matamu, watu walie kidogo, tumalize."

Niliitazama ile karatasi. Ameacha mjane, Mama Selina wa Bungoma. Ameacha watoto saba. Sita walikuwa wa Mama Selina, wa saba nilikuwa mimi, na kwa jinsi sentensi ilivyokaa, ama baba alinizaa peke yake ama niliokotwa sokoni. Nilitamani kuimwaga chai ile mapajani mwake. Badala yake nikasema, "Sawa, baba," kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nikaichukia sauti yangu njia nzima mpaka Kyebando.

Wakenya wa Kampala wakifiwa, hawamsafirishi mtu wao kimyakimya. Kabla gari halijashika njia ya Malaba, mpakani, hufanyika ibada ya kuaga, na katika ibada hiyo husomwa wasifu wa marehemu. Watu wakubali wasikubali, wengi huja kwa ajili ya huo wasifu. Programu huchapishwa Nasser Road kwa karatasi ya kung'aa, kila mtu huwa na yake mapajani, na msomaji anaposoma vidole humfuata mstari kwa mstari. Ikifika sehemu ya walioachwa, kila anayetajwa husimama pale alipo ili watu wamwone, wajue wa kumpa pole. Asiyetajwa hukaa. Ni jambo dogo, kusimama. Lakini nimewahi kumwona mzee mzima akisimama kwa jina la binamu tu wa marehemu, akalia kumshinda mjane.

Tangu nilipomaliza kidato cha nne, mwandishi wa wasifu hizo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma bweni upande wa Kenya na Kiswahili changu kilisifiwa, kwa hiyo Umoja wetu wa Wakenya uliniletea wafu wake wote. Nilipewa tarehe chache na majina ya shule, mengine nikajaza. Kila marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu na mcha Mungu. Mlevi nilimwita mpenda watu. Mgomvi nilimwita mtu wa msimamo. Aliyeipiga familia yake nilisema alipenda nidhamu, na familia hiyohiyo ilinishukuru kwa kunishika mikono yote miwili.

Wasifu hizo ndizo nilizobeba kwenye faili nilipoomba nafasi katika kozi ya uandishi, chuo kimoja cha Bukoto, mwaka mmoja, kila Jumamosi. Mwalimu wetu aliitwa Abdunoor. Alikuwa Mnubi, mtoto wa sajenti, aliyezaliwa kwenye kambi ya jeshi na kupata Kiswahili chake cha kwanza kwa amri na makofi, kisha akakipata cha pili kwa kusoma miaka mingi Unguja. "Huku kwetu," alituambia siku ya kwanza, "mtu akisikia Kiswahili, anashika mfuko wake au anainua mikono juu. Kazi yenu ni kumfanya aishushe." Tulicheka wote. Jumamosi iliyofuata akafungua faili langu, akasoma wasifu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akalifunga kwa ncha ya kidole.

"Dolphine," akasema, "maiti wako wote ni mtu mmoja."

Darasa likavunjika mbavu. Elie, Mkongo aliyekaa nyuma yangu, alicheka mpaka akaipiga meza makofi. Mimi sikucheka. Uso wangu ulikuwa wa moto na mwalimu alikuwa hajamaliza. "Huyu mcheshi, alichekesha nani, na kwa neno gani? Huyu mkarimu, alimpa nani nini, na siku hiyo yeye mwenyewe alilala na nini? Kama hujui, usiandike. Kama unajua na huandiki, basi una lako jambo."

Nilimchukia mtu huyo miezi mitatu mizima. Niliandika ili kumkomesha, na kila nilichoandika alikirudisha kikiwa na swali moja tu pembeni: Nani? Wapi? Kwa mkono gani? Aliyafuta maneno yangu ya sifa mpaka nikabaki sina cha kushika. Basi nikaanza kuangalia, kwa hasira tu, kama mtu anayetafuta ushahidi wa kumtia mwenzake hatiani. Niliwaangalia wauza mkaa wa Kyebando wakihesabu kwa midomo. Nilimwangalia baba akikunja leso yake mara nne na kuifungua tena bila kuitumia. Ukurasa wa kwanza uliopita kwa Abdunoor bila swali ulihusu kola ya shati.

Baba, Wamalwa, alikuwa msimamizi wa ghala katika kampuni ya sabuni, na kila siku ya kazi alivaa shati jeupe, vumbi la Kyebando lisimwambie kitu. Mama ni fundi cherehani, hushona sare za shule. Kola ya baba ikichakaa shingoni, mama aliifumua, akaigeuza upande uliochakaa ukaenda ndani, akaishona upya, na shati likatembea mwaka mwingine. Ndivyo nilivyoandika, hivyo tu, sindano ikiingia na kutoka. Abdunoor aliusoma ukurasa ule amesimama. "Sasa nimemwona mtu," akasema, akapita kwa mwanafunzi mwingine. Nilitembea kwa miguu kutoka Bukoto hadi nyumbani siku hiyo, na nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu yeyote.

Abdunoor alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila wiki mpaka tukawa tunaimalizia sisi. Kisichotajwa ndicho kinachosikika. Ukiitaja huzuni, alisema, umeiua. Ukilitaja penzi, umeliuza. Weka kikombe mezani, weka kiti kitupu, msomaji atamwona aliyeondoka. Nilimwamini. Nilikuwa nimeanza kuandika vizuri na nilijua kwamba naandika vizuri, na mtu anapofika hapo humwamini yeyote aliyemfikisha.

Baba alifariki Jumamosi mchana, mimi nikiwa darasani. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshamfunga kidevu kwa kitambaa na kuketi kando yake, mikono mapajani. Sikumwuliza kilichotokea, naye hakuniambia. Kesho yake ndipo nilipoitwa Makindye nikaiona ile kalamu ikipita juu ya jina lake.

Wiki ile niliandika kwa meno yaliyokazwa. Nilijiambia: Nyongesa ameondoa jina, mimi sitaondoa kingine chochote. Nitamweka mama ndani ya wasifu huo kwa namna ambayo kalamu haitamfikia. Niliandika kwamba mashati ya Wamalwa yalikuwa meupe kuliko ya mkurugenzi wake. Kwamba kola ikichakaa iligeuzwa. Kwamba kila asubuhi, jua halijachomoza, pasi ya mkaa ilikuwa imeshawaka. Kwamba ugali wake ulikuwa wa wimbi, mgumu, na kichwa cha samaki kilitengwa kando kwa ajili yake hata siku alizochelewa. Kwamba sukari ilipomshika na mguu kuanza kuvimba, mguu huo ulioshwa kila jioni kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa katikati ya vidole, kimoja kimoja. Mwanamke hayumo hata mara moja. Lakini ni nani angesikia hayo asimwone?

Jumamosi nikawaeleza darasani habari ya kalamu ya Nyongesa, kisha nikausoma. Nilipomaliza nikaiweka karatasi mezani. Elie alikuwa ameinamisha kichwa. Abdunoor alikwenda dirishani, akasimama ametugeuzia mgongo, na mimi nikauangalia ule mgongo kama anayesubiri hukumu.

"Huyu mwanamke," akasema hatimaye, "ameujaza ukumbi mzima, na hayumo. Aliyemkata atakaa kwenye kiti chake aone aibu mbele ya watu." Akageuka. "Umekuwa mwandishi, Dolphine."

Wakapiga makofi. Nilifurahi, na sitajifanya sikufurahi. Baba yangu alikuwa kwenye barafu na mimi nilikuwa natabasamu kwenye ngazi za chuo.

Jumapili nikaupeleka Makindye. Baba mdogo alivaa miwani, akausoma kwa kidole na midomo, nami nikamkazia macho nikingoja ile aibu. Alifika kwenye kola akatikisa kichwa. Alifika kwenye pasi akaguna. Alipofika kwenye mguu akavua miwani na kujifuta macho kwa mkono wa shati.

"Sasa hii ndiyo Kiswahili!" akasema. "Yaani ndugu yangu alikuwa msafi, eh? Hapa kwa mguu umenimaliza. Na umeona sasa? Hata bila ule ubishi, imetoka sawa kabisa." Hapohapo akaupiga picha kwa simu na kumtumia mchapishaji.

Aibu sikuiona popote. Alikuwa amemsoma mama yangu kuanzia juu hadi chini na kumwona kaka yake tu, msafi. Niliondoka nikijifariji kwamba huyo ni mzito wa kichwa, wengine wataelewa, watu wenye akili wataelewa. Nililirudia hilo sana njiani, na kadiri nilivyolirudia ndivyo lilivyozidi kupungua uzito.

Jumatatu programu zikatoka. Nilimkuta mama anapiga pasi shati jeupe. Watu wa Makindye walikuwa wametuma kuliomba, kupitia kwangu, shati la kumzika nalo. Jina la mwenye pasi hawakulitaka lakini pasi yenyewe waliihitaji. Nilipomwambia hayo kwa ukali, mama alisema tu kwamba hawezi kumwacha aende na kola iliyokunjamana. Akaniambia nimsomee kilichoandikwa, nisome polepole.

Nikasoma. Hakuniangalia, aliendelea na mikono ya shati. Nilipomaliza alipuliza majivu kwenye pasi.

"Ni mzuri," akasema. "Hata hiyo ya vidole umekumbuka." Akalipindua shati. "Sasa mimi niko wapi?"

"Mama, uko kila mahali. Kila mstari ni wewe."

"Mimi naona kola. Naona pasi. Naona kichwa ya samaki." Alikuwa anaongea bila haraka. "Wakifika kwa kuita majina, wataita pasi isimame?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba kisichotajwa ndicho kinachosikika, kwamba msikilizaji akiachiwa nafasi humtafuta mwenyewe mtu aliyefichwa, kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Nilikuwa na mifano. Mama aliniacha nimalize, kama anavyomwacha mteja amalize kudai kwamba vipimo alivyovitoa mwenyewe vilikuwa vibaya.

"Dolphine, mwanangu," akasema, "hawa watu wamenificha hii miaka yote. Wakikuja kwa hii nyumba wanakula, wanalala, wananiita mama. Wakirudi kwao wanasema Wamalwa anakaa na watu wa kazi. Sawa, hao ni wao. Sasa wewe nikakupeleka shule, ukaenda tena college, na umerudi kunificha na Kiswahili mzuri."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwa sababu alikuwa ameishika kazi yangu bora kuliko zote na kuiweka chini kama nguo isiyomtosha. Kisha hasira ikageuka ikanitazama mimi. Nyongesa alikuwa ametumia mstari mmoja wa kalamu. Mimi nilikuwa nimetumia kozi nzima. Kazi aliyoianza yeye kwa ujinga nilikuwa nimeimaliza kwa ustadi, na nikapigiwa makofi.

"Unataka nini, mama?" nikamwuliza. Sauti ilitoka mbaya.

"Sitaki kiti ya mbele. Sitaki kwenda Bungoma kugombana na mtu kwa kaburi. Nataka nisimame, watu waone, nikae." Akalitundika shati kwenye msumari na kulinyoosha begani kwa kiganja. "Bas."

Nilitoka nje nikampigia Abdunoor. Alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Mwalimu, jina la mama nilitaje au nisilitaje?"

Akamaliza kutafuna. "Kisanaa, ukilitaja umeubomoa. Utakuwa umemfanyia msikilizaji kazi yake."

"Baba mdogo ameusoma. Hakuona kitu. Amesema ndugu yake alikuwa msafi."

"Huyo si msomaji."

"Huyo ndiye msomaji wangu! Ukumbi mzima utakuwa na watu kama huyo, na mama yangu amekaa nyuma. Wewe uliniambia maiti wangu wote ni mtu mmoja. Sawa. Sasa mtu wangu aliye hai nimemgeuza pasi, na wewe ukaniambia nimekuwa mwandishi." Wauza mkaa walikuwa wamegeuka kunitazama. Sikujali.

"Utasoma wewe mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi usipandishe sauti. Ukipiga kelele watasikia hasira, hawatalisikia jina."

Nilikata simu bila kumuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwalimu yeyote.

Jumanne ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Mama Selina alikuwa amewasili na wanawe, amekaa mstari wa mbele, kitambaa cheusi kichwani, mwanamke mnene mwenye uso uliochoka ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Wanyama, mwanawe mkubwa, alinipa mkono akauachia upesi. Mama alikaa mstari wa mwisho karibu na mlango, katikati ya majirani wa Kyebando, amevaa gauni jeusi aliloshona mwenyewe. Jeneza lilikuwa wazi. Kola ilikuwa imenyooka.

Nilipanda nikashika maikrofoni na kusoma. Vidole vikaanza kutembea kwenye karatasi. Kwenye mashati meupe watu walitabasamu, kwenye kola wakaguna kwa upole. Kwenye pasi ya mkaa niliona kidole cha Mama Selina kimesimama. Wengine waliendelea, chake kilibaki palepale, na kilikuwa bado kiko hapo mimi nilipofika kwenye mguu na vidole vyake. Kisha nikafika kwenye walioachwa. Mama Selina akatajwa, akasimama, akakaa. Wanyama akasimama. Wakasimama watano waliomfuata. Nikajitaja, nami nilikuwa nimesimama tayari. Karatasi ilibakiza mstari mmoja wa kumshukuru Mungu, na vidole vyote vilikuwa vimeshafika hapo vinaningoja.

"Mama yangu ni Perpetua Akeyo," nikasema.

Vidole vikapotea. Niliviona vikirudi juu, vikishuka, kurasa zikafunuliwa, mtu mmoja akageuza programu yake kutazama jalada la nyuma kama jina hilo limeponyokea huko.

"Yeye ndiye aliyegeuza hizo kola. Yeye ndiye aliyewasha hiyo pasi. Mguu niliousema, aliuosha yeye."

Baba mdogo alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Alimpungia mkono mpiga kinanda, na wimbo wa pambio ukaanza, polepole, ule unaopigwa mtu akizidiwa na kilio ili ateremshwe kwa heshima. Nikangoja. Mpiga kinanda akapiga ubeti mzima, akanitazama, akamtazama baba mdogo, akaanza ubeti wa pili kwa mkono mmoja, kisha akaacha. Nikaiinua maikrofoni mdomoni na kusema jina tena, na halikutoka. Mtu alikuwa ameuchomoa waya.

Niliukumbuka ushauri wa Abdunoor, na nikaukataa. Waisikie hasira. Ilikuwa yangu, nilikuwa nimeilipia, na nilikuwa nimechoka kuiandika kwa mwandiko mzuri. Niliiweka maikrofoni chini, nikavuta pumzi na kupaza sauti mpaka koo likauma.

"Perpetua Akeyo! Wa Kyebando! Mke wa Wamalwa! Asimame!"

Ukumbi wote ukageuka nyuma. Kiti kikakwaruza sakafu. Mama akasimama. Hakulia, hakuinamisha kichwa. Alisimama wima, viganja vimelala mapajani, akawaacha watu wamtazame. Alisimama muda mrefu kuliko desturi.

"Huyu mtoto ametuaibisha," baba mdogo akasema kwa sauti ya kusikika. Mchungaji alikuwa anatafuta kitu kwenye Biblia yake.

Hapo Mama Selina akainuka. Alianza kutembea katikati ya viti kuelekea nyuma, taratibu, akishika migongo ya viti. "Shemeji, keti tafadhali," baba mdogo akamwita. Hakugeuka. Niliteremka madhabahuni nikamfuata mbio, kwa sababu nilidhani anakwenda kumzaba mama kofi, na nilikuwa nimeshaamua kwamba kofi hilo litanipata mimi. Nilichelewa. Alikuwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, na mama alikuwa bado hajakaa.

"Ni wewe ulikuwa na yeye?" Mama Selina akauliza.

"Ni mimi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mama Selina alikunja programu iliyokuwa mkononi mwake, akaikunja tena. "Tangu nifiwe, kila mtu ananiambia amani. Alilala kwa amani, alipumzika kwa amani. Nikiuliza, wananiambia mama, shukuru Mungu. Hata hapa kwa karatasi sijaona." Sauti yake ilikuwa na hasira niliyoitambua. "Niambie alikufa aje."

Mama alisogea. Jirani akaondoka kwenye kiti, na wanawake wale wawili wakaketi bega kwa bega kwenye mstari wa mwisho. Kule mbele mchungaji alikuwa ameanza kusoma zaburi kwa sauti ya juu. Mama akainama kwenye sikio la Mama Selina na kuanza kusema, mkono wake mmoja ukionyesha kitu hewani, kisha ukionyesha kifua.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilijikuta nimeinama, sikio limesogea, na kichwani tayari natafuta neno la namna mtu anavyopumua anapoondoka. Mama akanyamaza. Alinitazama, na Mama Selina naye akageuka akanitazama, wakangoja. Nikanyanyuka nikarudi mbele, nikakaa kwenye kiti alichokiacha wazi Mama Selina, kati ya Wanyama na dada yake, na nyuma yangu nikamsikia mama akianza upya, kwa sauti ambayo haikunifikia.